Ukurasa wa idara ukichakaa, tunamlaumu nani?

Tovuti za vyuo vikuu vyetu vingi humeremeta mlangoni: picha za mahafali, tangazo la udahili, salamu za Makamu Mkuu wa Chuo. Bofya mara tatu uingie idarani, ukutane na mkuu wa idara aliyekwisha kustaafu na kozi iliyofutwa kwenye mtaala. Ndipo hoja ya kila mwaka inarudi: idara zimeshindwa, zinyang'anywe paswedi, kila kitu kiandikwe na Kurugenzi ya TEHAMA.

Kwa upande wa usalama, hoja hiyo ina uzito. Idara iliyojifungulia tovuti yake ya Joomla, programu ya kuendeshea tovuti, kisha ikaacha kuisasisha imeacha mlango bila komeo, na wadukuzi hupenda kupachika matangazo ya kamari kwenye anwani za vyuo. Seva, ulinzi na mwonekano vibaki makao makuu. Hapo sibishi.

Lakini maneno je? Fundi wa TEHAMA atajuaje kwamba somo la mwaka wa pili limehamia wa tatu, au kwamba profesa fulani hapokei tena wanafunzi wa uzamivu? Idara inajua. Ila kazi yenyewe hutupiwa mhadhiri msaidizi kijana, eti kwa kuwa "anajua kompyuta". Vipindi hapunguziwi, na siku ya kupandishwa cheo zitahesabiwa makala zake za majarida, si kurasa alizosasisha. Akienda masomoni, paswedi anaondoka nayo. Sisi tunaita uzembe wa idara.

Kuna na hasara isiyotajwa vikaoni. Webometrics, orodha ya kupanga vyuo vikuu kwa tovuti zao iliyoanzishwa 2004 na maabara ya CSIC, baraza la utafiti la Hispania, ile ambayo vyuo vyetu huitangaza kwa mbwembwe vikipanda, imekuwa ikitoa alama nyingi kwa viungo (linki) vinavyotoka tovuti za nje. Watu wa nje hawaunganishi salamu za Makamu Mkuu. Wanaunganisha ripoti ya utafiti, hifadhidata, ukurasa wa mhadhiri, vitu vya idarani. Kila kitu kikihamishiwa makao makuu na anwani zikabadilika bila za zamani kuelekezwa kwenye mpya, viungo vya miaka kumi vinafia kwenye "ukurasa haupatikani". Mwaka unaofuata inaundwa kamati kuchunguza kwa nini chuo kimeporomoka.

Mpeni yule kijana saa nne kwa wiki, ziandikwe kwenye mgawanyo wake wa kazi, na mkuu wa idara amdai taarifa kila muhula. Ikipita mihula miwili kurasa bado zimechakaa, nitakuja mwenyewe kuunga mkono paswedi zichukuliwe.