Mvinje, pampu na kisima cha chumvi

Maji ya kisima yanapoanza kukolea chumvi huko Paje, Jambiani au Makunduchi, mashariki ya Unguja, wapo wanaoilaumu mivinje na mikaratusi kwamba inakunywa mno. Wengine wanasema miti inasingiziwa tu, mwizi ni pampu.

Wa kwanza wana hoja. Ipo miti ya jangwani isiyongoja mvua, inayoyafuata maji huko huko chini. Mathenge, mti wa miiba uliopandwa Baringo, Kenya, kuzuia jangwa, una ndugu yake Arizona, Marekani, ambaye mzizi wake ulikutwa mgodini kwenye kina cha mita 53. Lakini si kila mmea wa ukame uko hivyo. Dungusi na mkonge hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, hewa ikishapoa, ili visipoteze maji mengi, na mizizi yake ni ya juujuu.

Tena kufyeka si lazima kurudishe maji. Kando ya Mto Pecos, New Mexico, kuanzia 1967 waliondoa maelfu ya hekta za tamariski, vichaka vilivyodhaniwa kumaliza maji, wakitarajia mto uongezeke. Ongezeko halikuonekana, mimea iliyoota baadaye nayo ilikunywa.

Kwetu jambo zito ni mwamba. Maweni ya mashariki ya Unguja ni matumbawe ya kale yenye matundu. Mvua hupenya upesi, na maji matamu, kwa wepesi wake, huelea juu ya maji ya bahari. Kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na kama mita 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Kiwango kikishuka sentimita 10 tu, chumvi, ikipewa muda, hupanda karibu mita 4! Mti hunyonya kidogokidogo eneo pana. Pampu ya hoteli huvuta mahali pamoja, na chumvi huinuka chini yake kama kichuguu.

Kwa hiyo naegemea upande wa mivinje, hasa ya ufukweni inayoshika mchanga. Mikaratusi kuzunguka kisima kifupi cha kijiji, hapana, siiungi mkono.

Kabla ya shoka, kiwango cha maji kisimani kipimwe alfajiri na jioni, na kujaa na kupwa kwa bahari kutolewe kwenye hesabu. Miti hunywa zaidi jua likiwaka. Kiwango kikiendelea kushuka usiku kucha, mwenye pampu ndiye wa kuulizwa.