Seva ya Filamu Nyumbani: Fedha Ziende Upande wa Runinga

Wengi wanaotaka kutazama filamu zao kwenye runinga bila kuhangaika na flashi huanza kwa kutafuta kompyuta yenye nguvu. Mimi nasema waanze na runinga. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi filamu na kuzituma kwenye runinga, hutaabika pale tu runinga inaposhindwa kusoma faili kama lilivyo: hapo hulazimika kuligeuza papo hapo, prosesa hulemewa, picha hukwama. Runinga ikilisoma yenyewe, hata laptop kuukuu yenye RAM ya GB 4 inamudu.

Runinga nyingi za zamani haziwezi video ya H.265 (njia ya kubana video) ya biti 10 za rangi, na hata baadhi ya mpya hazitoi sauti ya DTS, mfumo mmojawapo wa sauti za filamu. Baya zaidi ni maandishi ya tafsiri ya PGS kutoka Blu-ray. Hayo ni picha, si herufi, na mara nyingi seva hulazimika kuyabandika juu ya video na kuitengeneza upya yote. Tafuta ya SRT, ambayo ni herufi tupu, uyahifadhi kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8. Fedha zako zinunue kisanduku cha Android TV kinachofungua H.265 ya biti 10, uweke Kodi, programu ya kuchezea filamu, na kiongezi cha JellyCon kinachoiunganisha na seva. Kodi hufungua DTS yenyewe.

Kwenye laptop weka Jellyfin, programu inayoifanya iwe seva ya filamu. Naipendelea kuliko Plex, mshindani wake, kwa sababu haidai malipo hata ukitumia chipu ya michoro kugeuza video. Filamu ikikwama, dashibodi yake huonyesha kama faili linageuzwa na kwa nini.

Data hizi hazitoki nje ya ruta, hivyo bando haliguswi. Faili la GB 10 la saa mbili huhitaji wastani wa megabiti 11 kwa sekunde. La 4K la GB 60 karibu 67, na kwenye purukushani hupita hapo. Wi-Fi ya 2.4 GHz inayovuka kuta haiaminiki kwa kazi hiyo. Vuta waya wa mtandao wa Cat5e.

Umeme ukikatika, betri huiokoa laptop, lakini diski ya nje ya inchi 3.5 hutegemea adapta yake na inaweza kuzima katikati ya kuandika. Chukua ya inchi 2.5, inayotumia umeme wa USB, na iwe na mfumo wa faili wa exFAT au NTFS. FAT32 hukataa faili linalofika GB 4. Ruta ikiwaka tena inaweza kuipa laptop anwani mpya, na runinga isiione. Itengee anwani moja kwenye mipangilio ya ruta, mfano 192.168.1.50, halafu kwenye kisanduku andika anwani hiyo na mlango (port) 8096. Laptop nayo ipange isilale kifuniko kinapofungwa.