Mtungi wa pili nani anaujaza?

Mjadala wa nishati safi ya kupikia ukianza tu, haipiti dakika mtu hajasema wananchi wanahitaji elimu. Anasema mbunge, anasema mtangazaji, anasema mtu yeyote mwenye jiko la plate nne nyumbani kwake. Eti mama anang'ang'ania mkaa kwa sababu hajui madhara yake, au ni mazoea tu, au anaamini wali wa gesi hauna ladha. Mi naona hapo ndo tunapokosea, na tukishakosea hapo kila kinachofuata kinakaa upande, kuanzia bajeti mpaka matangazo.

Nianze na upande wa wanaotaka mkaa uishe, maana wana hoja nzito na sitaki ionekane naipuuza. Moshi unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto chini ya miaka mitano. Kwa Tanzania namba ambayo viongozi wanaitaja mara kwa mara ni vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka. Na mkaa wengi wanauona salama kwa kuwa hautoi moshi kama kuni, kumbe ile kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki, ndo maana hatuishi kusikia habari za familia iliyolala na jiko ndani ikakutwa asubuhi imekufa. Hapo sijagusa macho ya mama wa kijijini anayepuliza kuni mbichi, wala masaa anayopoteza porini kuzitafuta, na nchi hii bado zaidi ya nusu ya kaya zinapikia kuni. Mwaka 2021 kaya zilizokuwa zinatumia nishati safi zilikuwa asilimia 6.9 tu, na mkakati aliouzindua Rais Samia Mei 2024 unataka ifike asilimia 80 ikifika 2034. Lengo hilo naliunga mkono lote, silipunguzi hata kidogo.

Sasa twende kwa huyu anayeambiwa hana elimu.

Chukua mama wa Mbagala au Buguruni, anauza vitumbua asubuhi, mume wake saidia fundi, watoto watatu. Mkaa wa buku jero unamvusha siku, kwa mwezi ni kama elfu 45. Kujaza mtungi wa kilo sita Dar ni elfu 23 mpaka 25 hivi, na familia ya watu watano ikijibana unakwenda wiki mbili na siku kadhaa, kwa hiyo kwa mwezi ni kama mitungi miwili, elfu 50 au pungufu. Ukipiga hesabu ya mwezi gesi haijaachwa mbali, zipo nyumba ambazo ni nafuu kabisa, na wataalam wakifika hapo ndo wanashangaa, kama gharama inakaribiana kwa nini mtu achague masizi? Anachagua kwa sababu hela yake haiji kwa mwezi, inakuja kwa siku, na zipo siku haiji kabisa. Asubuhi mkononi ana elfu tano, humo kuna unga, mboga, mafuta, nauli, hela ya mtoto ya shule, na mkaa. Kila kitu ndani ya nyumba ile kinanunuliwa kwa kipimo, mafuta ya kula ya kupima, sukari robo, vocha ya jero, hata umeme wa LUKU anaweka wa buku. Gesi peke yake ndo inamwambia lete elfu 25 yote kwa mkupuo ndo upike.

Ooh, atunze kidogo kidogo. Atunze wapi? Elfu 12 iliyotunzwa kwa ajili ya gesi mtoto akipata homa usiku inakwenda yote, na hakuna mzazi duniani atakayeiacha pale kwenye kopo eti kwa sababu ni ya nishati safi. Alafu muuza mkaa wa mtaani anakopesha, anakuandika kwenye daftari mpaka kesho kutwa, wakala wa gesi hakopeshi maana na yeye mzigo kaulipia keshi. Na gesi haipigi hodi ikitaka kuisha, inakata saa mbili usiku wali haujaiva na mfukoni kuna elfu tatu, hiyo elfu tatu kwenye duka la gesi haina kazi lakini kwenye mkaa inamaliza shida na chenji inarudi.

Halafu kuna mtungi wenyewe. Ule wa kilo sita kichomeo kinakaa juu yake, weka sufuria ya ugali wa watu saba halafu songa, utaona unavyoyumba na watoto wanazunguka pale pale. Ndo maana nyumba nyingi ukiingia utakuta vyote viwili, gesi ya chai na kupasha kiporo, mkaa wa maharage na makande. Wanaohesabu wanamwandika huyu kama mtu aliyekataa kubadilika, mi namuona anapiga hesabu kila siku, na hesabu zake zinatoka sawasawa.

India walishapita njia hii kabla yetu na kwa ukubwa ambao sisi hatujaufikiria. Mwaka 2016 walianzisha mpango wa Ujjwala, wanawake wa kaya maskini wanaunganishiwa gesi bila kubeba gharama ya kuanzia, na kufika Septemba 2019 walishaunganisha milioni 80. Mwaka huo huo ikatoka ripoti ya mkaguzi mkuu wao wa hesabu za serikali, akawachukua wateja wa mpango ambao wameshamaliza mwaka na zaidi, akaangalia wanajaza mara ngapi. Jibu likawa wastani wa mara 3.21 kwa mwaka.

Hiyo 3.21 naomba tukae nayo kidogo. Mtungi wao wa nyumbani ni wa kilo 14.2, kwa hiyo kwa mwaka mzima familia inatumia kama kilo 45 na nusu. Ukigeuza kwa mitungi yetu ya kilo sita ni saba na nusu hivi, wakati yule mama wa Mbagala akipika kila kitu kwa gesi anahitaji kama 24. Yaani kwa kipimo chetu mtungi upo ndani, jina lake lipo kwenye orodha ya waliohamia nishati safi, waziri ameshasoma idadi, ila chini ya theluthi moja ya mapishi ndo imehama na kilichobaki kipo kwenye kuni na samadi kama zamani. Mtoto anayevuta moshi mara mbili kwa siku hajui kama nyumba yao imehesabiwa. Baadae serikali yao ikabidi iweke ruzuku kwenye kujaza, Mei 2022 rupia 200 kwa kila mtungi kwa wale wanufaika, Oktoba 2023 ikafika 300. Walishaona mlango ulikwama wapi.

Na sisi tunafanya nini? Wakala wa Nishati Vijijini, REA, wamesambaza mitungi ya kilo sita zaidi ya laki nne kwa nusu bei, wilaya kwa wilaya, mtu anakwenda na kitambulisho chake cha NIDA anauziwa. Wabunge nao wanagawa, wengine mamia kwa mkupuo mmoja. Ni jambo jema na waliopata wamepata, sitaki mtu asome hapa aone nabeza. Ila kinachotangazwa kila mara ni mitungi mingapi imegawiwa, picha ni za makabidhiano, na mtungi wa kwanza huwa unakuja umejaa. Wakala wa gesi anajua nani karudi na nani hajarudi, kampuni zinajua zimeuza kilo ngapi wilaya ipi, takwimu ya kujaza inaweza kupatikana bila hata utafiti wa gharama. Hiyo ndo ingekuwa kwenye hotuba.

Kuna hoja ya misitu, na hapa napo mkaa unabebeshwa zaidi ya mzigo wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliangalia maeneo ya Tanzania ambako msitu umepotea ukakuta kisababishi kikuu ni kilimo, mashamba yanayofunguliwa, mkaa upo lakini uko nyuma. Kilosa kuna vijiji vilivyofanya mkaa wa mpango tangu 2012, msitu wa kijiji unagawanywa vitalu, mnavuna kitalu kimoja mnakiacha, visiki vinachipua, mzunguko ni miaka 24, na ushuru unabaki kijijini unajenga madarasa na zahanati. Wanaopinga wanasema mkaa wa namna hiyo ni kidogo sana ukilinganisha na unaoingia Dar kwa maroli na bodaboda usiku, na kwa hilo wako sahihi kabisa, mkaa mwingi haujulikani umetoka wapi wala haujalipiwa chochote. Lakini dawa ya marufuku tulishaijaribu, Januari 2006 serikali ilifunga biashara ya mkaa, haikuzidi kama wiki mbili ikaachia, bei ilishapanda na watu walikuwa wanapika hivyo hivyo. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria biashara hii inazungusha dola milioni 650 kwa mwaka na inalisha mamia ya maelfu ya watu, wachomaji, wapakiaji, madereva, wanawake wanaopima makopo barazani. Kitu kikubwa hivyo hakifungwi kwa tamko.

Taasisi ni habari nyingine, hapo niko na serikali bila kusita. Shule ya bweni, gereza, kambi, wanapika jiko moja, wana bajeti, wanaweza kuwekewa tanki kubwa na bei ya jumla, na ile amri ya taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024 ilikuwa na mantiki. Kilichokwamisha wengi ni pesa ya kufunga mfumo, kwa sababu shule inayochangiwa kuni na wazazi haiwezi kuamka siku moja ikalipia gesi kutoka mfuko usiokuwepo.

Kwa nyumba za watu, mlango ni ule ule wa kipimo. Teknolojia ya mita kwenye mtungi, lipa kadri unavyotumia, unaweka buku kwa simu gesi inafunguka, ilishaanza hapa hapa Dar na kampuni ya KopaGas kabla teknolojia yao haijanunuliwa na Circle Gas mwaka 2020 kwa dola milioni 25, na wateja wengi zaidi wakaja kupatikana Kenya. Hiyo ndo gesi inayoongea lugha ya buku jero. Hata kilo ikitoka ghali kidogo kuliko kujaza mtungi mzima, yule mama ameshazoea kulipia zaidi ili anunue kidogo, anafanya hivyo kwenye sukari na mafuta miaka yote. Na bei ikichezewa watu wanarudi nyuma haraka kuliko walivyokuja, Kenya walirudisha VAT ya asilimia 16 kwenye gesi Julai 2021, mwaka uliofuata matumizi ya nchi nzima yakashuka, ikabidi wapunguze mpaka asilimia 8 na 2023 wakaifuta tena.

Umeme nao una nafasi kubwa kuliko tunavyoupa. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115, na jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa kama nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ya sh. 356 kwa uniti hiyo ni kama sh. 180, wakati maharage hayo hayo kwenye mkaa yanakula buku nzima au zaidi. Ndo pishi lile lile ambalo gesi inashindwa kulishawishi! Ila angalia mpangaji anakutana na nini. Kwanza jiko lenyewe ni zaidi ya laki, tunarudi kwenye mkupuo. Pili, ile bei nafuu ya sh. 122 pamoja na kodi ni ya mtu anayeishia uniti 75 kwa mwezi, akianza kupika akavuka anahamishwa kwenye 356 kwa kila uniti, taa na redio humo humo, yaani anaadhibiwa kwa kufanya kile serikali inachomwomba afanye. Tatu, nyumba ya vyumba sita ina LUKU moja, wanachanga sawa kwa chumba, na mwenye nyumba alishasema siku ya kwanza hataki hita, hataki pasi, hataki jiko la umeme. Mpangaji akileta jiko la presha hata liwe linakula kidogo namna gani, chumba cha pili kitasema ndo linalomaliza umeme, ugomvi huo unaweza kumtoa kwenye nyumba.

Semina gani ya elimu inatatua hilo? Mita ndogo kwa kila chumba inatatua. Kiwango cha uniti 75 kusogezwa kwa kaya inayopikia umeme kinatatua. Jiko kulipwa kidogo kidogo kupitia LUKU linatatua, maana deni linaweza kukatwa humo humo kwenye LUKU kila mtu anaponunua umeme. Haya yote yako ofisini, yanasubiri sahihi ya mtu, na hakuna hata moja linalomtaka yule mama wa vitumbua abadilishe fikra.