Ripoti mbili za Desemba 2009

Desemba 2009 serikali ya Kevin Rudd nchini Australia ilikabidhiwa ripoti mbili. Moja ilitoka kwa kikosi kazi cha mchumi Nicholas Gruen, kikiitaka serikali itoe takwimu zake bure na itumie intaneti kuwasikiliza wananchi. Rasimu yake iliwekwa mtandaoni, watu wakaikosoa kabla haijakamilika. Nyingine, ya jopo la Ken Henry, katibu mkuu wa Hazina, ilihusu mfumo mzima wa kodi. Hiyo ikafungiwa hadi tarehe 2 Mei 2010.

Kwangu mimi, kodi ya madini iliyotokana na ripoti ya Henry ilianza kufa katika miezi hiyo ya ukimya.

Henry alileta mapendekezo 138. Wananchi walipoyaona, uamuzi wa serikali ulikuwa umeshapikwa: kodi ya asilimia 40 ya faida ya ziada ya migodi. Mengi ya yaliyobaki yakawekwa kando. Na hoja yenyewe haikuwa mbaya hata kidogo. Mrabaha, yaani malipo ambayo majimbo hudai kwa madini yanayochimbwa, hutozwa mgodi upate faida au usipate. Kodi ya faida ingepanda bei za madini zikipanda, na kushuka zikishuka. Lakini jambo kama hilo halieleweki kwa hotuba moja. Watu wanahitaji muda wa kupiga hesabu, kubishana, kuonyesha palipokosewa. Kampuni za migodi hazikuwapa muda huo. Zilimwaga matangazo kwenye televisheni na magazeti. Tarehe 24 Juni chama cha Rudd kilimng'oa, ingawa si kwa kodi hiyo peke yake. Julia Gillard, aliyemrithi, akajifungia na kampuni za BHP Billiton, Rio Tinto na Xstrata, kodi ikalegezwa. Mwaka 2014 ikafutwa.

Wiki mbili tu baada ya mapatano hayo ya faraghani, Waziri wa Fedha Lindsay Tanner alitoa Azimio la Serikali Wazi, lililoahidi kuwafungulia wananchi taarifa za serikali. Sina shaka na nia yake. Ila takwimu zilizomwagwa mtandaoni hazimsaidii sana mwananchi ikiwa hesabu inayoamua kodi anaonyeshwa baada ya uamuzi.

Wapo wanaosema maofisa hawatatoa ushauri wa kweli wakijua rasimu zao zitasomwa na kila mtu. Mbona Tume ya Tija, chombo cha serikali hiyohiyo kinachoishauri kuhusu uchumi, huchapisha rasimu, hupokea maoni hadharani na kuwahoji watu kwenye vikao vya wazi, ndipo iandike ripoti ya mwisho? Na mara nyingi ripoti zake huwaudhi mawaziri.