Chuo kikuu nacho kinahitaji andalio la somo

Matangazo ya ajira ya vyuo vikuu vyetu nchini Tanzania yanapotoka, sharti la nafasi ya mkufunzi msaidizi huwa ni lilelile: shahada ya kwanza yenye GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 kati ya 5. Sina ugomvi na sharti hilo, kwa kuwa anayefundisha lazima awe amelimudu somo lake. Kinachonisumbua ni kwamba, mara nyingi, baada ya hapo hakuna sharti lingine. Kijana aliyefanya mtihani wake wa mwisho Julai hupewa barua ya ajira, orodha ya vikundi vya semina na kalamu za ubao, na muhula unapoanza anasimama mbele ya wanafunzi arobaini ambao baadhi yao alikuwa akipanga nao foleni ya chakula miezi michache iliyopita.

Mimi nilikuwa kijana huyo. Semina yangu ya kwanza ilikuwa ya takwimu kwa wanafunzi wa shahada ya ualimu, nami nilitumia dakika hamsini nikikokotoa mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka wastani wake, ubaoni, mgongo ukiwa upande wa darasa. Kila nilipofika mwisho wa hatua niliuliza, "Mmeelewa?" nao wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo." Niliporudi ofisini niliamini kwa dhati kwamba nimefundisha. Jaribio la kwanza lilipokuja, zaidi ya nusu ya kikundi hawakuweza hata kueleza kwa maneno yao mkengeuko huo unapima nini.

Aliyeniokoa hakuwa mkuu wa idara wala mhadhiri niliyekuwa nikimsaidia. Alikuwa mwanafunzi wangu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha ualimu na miaka karibu ishirini kazini, aliyekuja chuoni kujiendeleza. Siku moja alisubiri wenzake watoke, akaniambia kwa heshima kubwa ambayo umri wangu haukuistahili: "Mwalimu, samahani. Uliza swali kwanza, jina litaje baadaye. Ukitaja jina kwanza, wengine wote wamepumzika." Akaongeza kwamba nikishauliza ninyamaze, nihesabu moyoni mpaka kumi, na kwamba wanafunzi wanapofanya zoezi nihamie nyuma ya chumba nione madaftari yao. Nikayafanya yote matatu wiki iliyofuata, na kwa mara ya kwanza nikajua ni nani ananifuata na ni nani amepotea.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Mwalimu yule aliyajua hayo kwa sababu vyuo vya ualimu vilimfundisha. Maneno azimio la kazi (mpango wa muhula), andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja) na zana za kufundishia yana umri mrefu katika Kiswahili cha walimu wetu, na hakuna mkaguzi wa shule angemwacha aingie darasani mikono mitupu. Hata leo, anayesomea ualimu chuo kikuu ili akafundishe kidato cha pili hupelekwa shuleni kwa wiki kadhaa za mazoezi ya kufundisha, na mtathmini kutoka chuoni huja kuketi dawati la nyuma na fomu yake, akiandika jinsi alivyoanza somo, alivyotumia ubao na alivyohitimisha. Mimi mwenyewe niliwahi kutumwa kufanya kazi hiyo nikiwa mkufunzi msaidizi. Nilimpa alama kijana wa mwaka wa pili kwa ufundi ambao mimi sikuwahi kufunzwa, na ambao hakuna mtu aliyekuwa amekuja kuuangalia kwangu. Niliona aibu wakati ule, na ninaiona hadi leo.

Usahihishaji ndipo mwanafunzi anapoumia zaidi. Katika vyuo vingi kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na sehemu kubwa ya zile 40 hupita mikononi mwa wakufunzi wasaidizi. Mwaka wangu wa kwanza tuligawana vitabu vya majibu wawili, bila mwongozo wa pamoja. Mwenzangu alitoa sifuri kwa kila jibu la mwisho lisilo sahihi. Mimi nilimpa alama saba kati ya kumi aliyefuata njia sahihi akakosea kujumlisha. Hakuna kati yetu aliyekuwa na nia mbaya, lakini mwanafunzi aliyeangukia rundo la mwenzangu alibeba matokeo ambayo hayakuhusiana na alichokijua. Saa mbili za kuketi na mhadhiri mwenye kozi, kusahihisha pamoja vitabu kumi na kubishana juu ya kila alama, zingetosha kuzuia dhuluma hiyo.

Liko pia suala la lugha, ambalo mafunzo yoyote yaliyoandikwa kwa ajili ya vyuo vya Ulaya hayatamwandaa kijana wetu kulikabili. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza, anapokaa kimya katika semina, mara nyingi hoja anayo. Anachokosa ni ujasiri wa kuitamka kwa Kiingereza mbele ya wenzake. Mkufunzi mpya huutafsiri ukimya huo kuwa ni uvivu, akaanza kuhutubia. Mimi huwaacha wajadiliane wawiliwawili kwa Kiswahili dakika tano, kisha ninawaomba waniandikie hitimisho kwa Kiingereza cha mtihani, na chumba hubadilika kabisa.

Wala tusimwache kijana huyo ajifunze mipaka kwa kubahatisha. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Akisome kabla hajapewa ufunguo wa ofisi, na aelezwe bayana kwamba mwanafunzi huonwa mlango ukiwa wazi.

Ninachopendekeza hakihitaji jengo jipya. Muhula wa kwanza mkufunzi msaidizi apewe nusu ya vikundi, ahudhurie mihadhara yote ya kozi anayoisaidia, aandike andalio kwa kila semina, na mhadhiri aketi nyuma angalau mara tatu, kisha wazungumze siku hiyohiyo. Najua jibu litakuwa kwamba wahadhiri wamelemewa, na ni kweli wamelemewa. Lakini mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umekuwa ukijenga kumbi na maabara na kuwasomesha wahadhiri, na ndani ya kumbi hizo semina zitaendeshwa na hawa hawa vijana. Saa za mhadhiri anayemlea mkufunzi mpya zihesabiwe katika mzigo wake wa kazi, na taarifa yake iwemo katika jalada la kupandishwa cheo, kama zinavyohesabiwa makala zake. Kwa sasa ninamlea mmoja bila kuhesabiwa saa hizo. Jumanne iliyopita aliuliza swali, akanyamaza, na nikiwa dawati la nyuma niliona midomo yake ikihesabu. Alipofika saba, binti mmoja karibu na dirisha akanyoosha mkono.