Marekani, reli ya Lobito na shaba ya Katanga

Tarehe 4 Desemba 2025 marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame walitia saini makubaliano ya amani mjini Washington, Donald Trump akiwa mwenyeji wao. Siku hiyohiyo Kongo na Marekani zilitia saini mkataba mwingine, wa ushirikiano wa kiuchumi, ambao kiini chake ni madini. Watu wa Goma na Bukavu waliutegea sikio ule wa kwanza, kwa kuwa miji yao ilikuwa imeshikwa na waasi wa M23 tangu mwanzoni mwa mwaka huo; na siku chache tu baada ya sherehe, Uvira nayo ikaingiwa. Sisi wa Lubumbashi, tuseme ukweli, tuliutegea sikio zaidi ule wa pili. Shaba na kobalti viko upande wetu.

Tangu hapo hoja ni ileile, iwe kwenye basi la kwenda Katuba au kwenye ofisi za mjini: Marekani imebadilika, au imebadili nguo tu?

Wanaosema haijabadilika wana ushahidi mzito, na sehemu yake ilichimbwa hapahapa. Urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiyo iliyolisha kwa kiasi kikubwa mradi wa bomu la atomiki uliohitimishwa Hiroshima mwaka 1945. Kisha akaja Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza. Kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe, iliyoongozwa na Frank Church, ilieleza mwaka 1975 jinsi CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilivyopeleka sumu Léopoldville (Kinshasa ya leo) ili auawe. Sumu haikutumika. Aliuawa kwa risasi tarehe 17 Januari 1961, nje ya mji huu, na askari wa Katanga huku maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Baada yake tukapewa Mobutu kwa zaidi ya miaka 30.

Ila ukiisoma vizuri historia hiyohiyo, haikai upande mmoja. Kennedy alipoingia madarakani, Washington iliunga mkono kikosi cha Umoja wa Mataifa, ikakipa ndege za kusafirisha askari, na Januari 1963 kujitenga kwa Katanga kukafikia mwisho. Ndiyo maana mjini kwetu unaweza kukuta wazee wawili wanailaumu Marekani kwa sababu zinazogongana: mmoja kwa ajili ya Lumumba, mwingine kwa ajili ya Tshombe, aliyeongoza kujitenga huko. Wote wawili wana haki ya kulalamika, lakini hawawezi wote kuwa wanaeleza Marekani yenye nia moja isiyobadilika.

Kinachojirudia ni hofu ya mtu wa tatu: jana Moscow, leo Beijing. Mobutu alipokewa Ikulu ya Washington na George Bush mzee Juni 1989, akasifiwa kama rafiki. Novemba ukuta wa Berlin ukaanguka. Mei 1990 wanafunzi wakashambuliwa usiku katika chuo kikuu chetu, dunia ikapiga kelele, na miaka michache baadaye mzee wa kofia ya chui ananyimwa hata viza. Yeye hakuwa amebadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni Moscow.

Sina mfano bora wa jambo hili kuliko reli ya Benguela. Tangu 1931 iliunganisha Katanga na bandari ya Lobito, njia fupi kuliko zote ya shaba yetu kufika baharini. Vita vya Angola vilipoanza mwaka 1975 treni zikakatika, na kwa miaka mingi waasi wa UNITA waliihujumu njia hiyo. Nani alikuwa rafiki wa UNITA? Ronald Reagan alimpokea kiongozi wao, Jonas Savimbi, Washington Januari 1986, silaha zikafuata, na mwaka 1987 magazeti ya Marekani yenyewe yaliripoti kwamba CIA ilikuwa ikipitisha shehena kwenye kambi ya Kamina, ndani ya Katanga yetu. Kwa maneno mengine, shaba yetu ilifungiwa njia na watu waliopewa silaha kupitia uwanja wetu wa ndege. Vita vilipokwisha, kampuni ya Kichina ndiyo iliyoijenga upya reli hiyo. Leo shirika la serikali ya Marekani la fedha za maendeleo linaikopesha dola milioni 553 kampuni inayoendesha upande wa Angola. Mwaka 2024 Joe Biden alikwenda Lobito mwenyewe.

Mtu anaweza kucheka, lakini hapohapo ndipo hoja ya upande wa pili inapoanzia, na si ya kudharau. Trump aliporudi madarakani Januari 2025 alisimamisha misaada ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika la misaada la USAID likawa limezimwa. Haut-Katanga ni kati ya mikoa ambako mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi, ulioanzishwa na Bush mdogo mwaka 2003, umebeba sehemu kubwa ya mzigo wa dawa; muulize muuguzi yeyote wiki zile zilikuwaje. Lakini mradi wa Lobito, kazi ya Biden, uliendelea. Watetezi wa mkataba wa Desemba wanasema: mnaona? Huruma hukatwa kwa amri ya siku moja, maslahi hayakatwi. Basi bora tuuziane kuliko kuhurumiwa.

Wanaongeza jambo lingine, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Mwaka 2016 Freeport-McMoRan, kampuni ya Kimarekani, iliiuzia China Molybdenum hisa zake za mgodi wa Tenke Fungurume kwa dola bilioni 2.65, na Washington haikuzuia. Tangu hapo mnunuzi wetu mkuu ni mmoja, na mnunuzi mmoja ndiye anayepanga bei. Akija wa pili, wa kwanza hulegea. Mkataba wa Sicomines, wa madini kwa barabara, ulijadiliwa upya na mwaka 2024 Wachina wakakubali kufikisha dola bilioni 7 za miundombinu. Sidhani wangefika hapo kama hakungekuwa na mwingine anayebisha hodi.

Nakubaliana nao kwa sehemu. Tatizo ni muda. Kibali cha kuchimba, kwa sheria yetu ya 2018, ni cha miaka 25. Katika miaka hiyo Marekani itafanya uchaguzi wa rais mara sita. Hofu ya Beijing ikiisha, kwa mapatano au kwa betri zisizohitaji kobalti, ambazo tayari zinauzwa, nani atatukumbuka? Anayeuza kwa sababu mteja ana hofu anapaswa kulipwa mapema. Ningependa kuona malipo yanayotangulia: umeme, barabara, na kiwanda cha kusafisha kobalti upande wetu wa mpaka. Usalama wa Kivu usiwe ahadi ya kulipia baadaye. Uvira imetuonyesha thamani ya saini isiyo na mtu wa kuisimamia.

Kuna pia swali ambalo halitajwi, si Kinshasa wala Washington, nalo linatuhusu sisi hasa. Leo malori ya Kolwezi yanapita Likasi, yanapita Lubumbashi, yanashuka Kasumbalesa kuelekea Durban au Dar es Salaam. Kwenye foleni ya mpakani utamwona dereva Mtanzania amechuchumaa chini ya trela, jiko la mkaa mbele yake, anasubiri karatasi, na pembeni mama anayemuuzia nyanya na vocha ya simu. Mji huu unakula kwenye foleni hiyo: gereji, nyumba za wageni, wakala wa forodha, walinzi wa usiku. Treni ya Lobito huondoka Kolwezi ikielekea magharibi, Dilolo kisha Angola. Haitufikii. Upande wetu bado kuna zaidi ya kilomita 400 za reli chakavu, kwa hiyo tuna miaka kadhaa kabla ya shehena nyingi kuhama. Wabunge wetu wa mkoa wangeanza kuuliza sasa: foleni ikihama, mji huu utakula wapi?