Coltrane wa miaka ya mwisho alipotea, au tulimwacha njiani?

Hapa Mbeya, vijana wengi wanaojifunza kupuliza saksafoni kwenye bendi za makanisa humkubali John Coltrane, mpuliza saksafoni wa jazz wa Marekani, mpaka mwaka 1964, kisha humtupa. Wanasema aliyerekodi wimbo Giant Steps mwaka 1959, akikimbia kiasi kwamba mpiga piano Tommy Flanagan anasikika akihangaika kumfuata, aliishia kupiga makelele. Hata wakongwe wa dansi, watu wenye masikio, nimewasikia wakisema hivyo.

Si hoja ya kubeza. Mpiga piano wa bendi yake, McCoy Tyner, alijiondoa mwishoni mwa 1965 kwa sababu alikuwa hasikii tena anachopiga mwenyewe katikati ya ule mvumo. Mpiga ngoma Elvin Jones akamfuata mapema 1966. Kama waliokula naye sahani moja walichoka, msikilizaji wa Mwanjelwa atalaumiwa kwa lipi?

Lakini tuuangalie wimbo mmoja tu, My Favorite Things. Studioni mwaka 1960 ulichukua dakika 13 na ushee. Jukwaani Japani, Julai 1966, ukafika dakika 57. Namba hii ndiyo wanayonitupia kila mara kuthibitisha kwamba jamaa alishapotea. Haya, dakika hizo zilikwenda wapi? Mwanzoni Jimmy Garrison yuko peke yake na besi lake, kwa muda ambao bendi nyingine ingekuwa imeshamaliza nyimbo mbili, na mwenye bendi amekaa kimya anasubiri. Baadaye Pharoah Sanders, mpuliza saksafoni wa pili, naye anapewa nafasi yake, anapuliza mpaka anaridhika. Mtu mwenye majivuno hagawi muda hivyo. Halafu sisi ndio tunaoshangaa urefu! Enzi za bendi ya dansi ya Tancut Almasi pale Iringa, nani alishika saa chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, lilipokolea? Wimbo ulikatwa mfupi kwa ajili ya santuri na redio. Ukumbini ulikwisha watu walipotosheka.

Wanasahau pia kilichomfikisha huko. Babu zake wote wawili walikuwa wachungaji. Katika Psalm, sehemu ya mwisho ya albamu A Love Supreme iliyorekodiwa Desemba 1964, saksafoni inasoma sala aliyoiandika mwenyewe, neno kwa neno, bila mtu kuimba. Waliokulia na matarumbeta ya kanisa la Moravian kule Rungwe hawahitaji kufafanuliwa hilo. Na wale vijana wanaipenda Psalm! Ninachokisikia 1966 ni sala ileile, ila sasa haina maandishi ya kufuata, na wenzake wanaruhusiwa kuitikia kila mmoja kwa sauti yake.

Alifariki Julai 1967 akiwa na miaka 40, kwa hiyo hatujui angefika wapi. Albamu yake Ascension ya 1965, wanamuziki 11 kwa takriban dakika 40, sijawahi kuimaliza kwa mkao mmoja, na anayeizima simlaumu. Ila anayezima ile ya Japani wakati Garrison bado yuko peke yake, huyo hajamsikia Coltrane wa 1966 hata kidogo.